Wapigakura Wasiolala Nyumbani

Uchaguzi wa Oktoba 2015 uliukuta mkoa wa Songwe ungali tumboni mwa Mbeya. Mkoa ulitangazwa mwanzoni mwa 2016, makao makuu yakawekwa Vwawa, nasi wa Hasamba tukaamka asubuhi tumekuwa watu wa makao makuu ya mkoa bila kuhama shamba. Lakini ukiyachukua majimbo sita yanayouunda leo, utaona kwamba matokeo ya mwaka ule yaligawanyika sawasawa. Vwawa, Ileje na Songwe yalibaki CCM. Mbozi, Momba na Tunduma yalikwenda CHADEMA, kwa Pascal Haonga, David Silinde na Frank Mwakajoka. Ilipofika 2020 yote sita yakawa ya kijani, na Tunduma ilirudi CCM mikononi mwa Silinde yuleyule, ambaye safari hii alikuwa amekwisha hama chama.

Wanaoyasoma matokeo hayo wakiwa mbali husema watu wa huku ni vigeugeu. Mimi niliyewapakulia wali maharage kwa miaka mingi naona hawakugeuka hata kidogo. Walikuwa wamekwisha kuwa watu wengine tangu zamani, na chama kilichozoea kuwajua, CCM, kilichelewa kupata habari.

Nasema hivyo kwa sababu nimelelewa ndani ya chama hicho. Baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi hapa Hasamba tangu enzi za TANU hadi miguu ilipomgomea, na daftari lake nimelibeba mara nyingi nikitumwa kwa katibu wa tawi. Lilikuwa daftari la shule la kawaida, jalada lake amelifunika kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Kila kaya ilikuwa na ukurasa wake: mwenye nyumba, mke au wake zake, watoto, nani ana kadi, nani anadaiwa ada. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, aliandika wageni: katoka wapi, kalala kwa nani, anaondoka lini. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, sukari na sabuni vilipokuwa adimu, karatasi aliyoiandika baba ndiyo iliyomfanya mtu ahudumiwe dukani. Ugomvi wa mpaka wa shamba la kahawa uliishia kwenye benchi letu la nje. Msiba ukitokea, yeye ndiye aliyejua ni nyumba gani ina jembe zima na ipi ina gunia la mahindi.

Nisimpambe mzee. Daftari hilohilo lilikuwa jicho pia, na wapo waliokaa kimya mbele ya baba kwa woga, wala haikuwa heshima. Ila lilikuwa na jambo moja ambalo sijaliona tena katika siasa: mkubwa wa chama aliijua nyumba yako ina midomo mingapi. Watu hawakukipenda chama kwa hotuba. Walikipenda, au walikivumilia, kwa kuwa kilijua mlango wao.

Tume ya Jaji Nyalali ilipokusanya maoni mwaka 1991, karibu watu wanane katika kila kumi walisema chama kibaki kimoja. Baba alikuwa miongoni mwa hao wanane. Serikali ikawafuata wale wawili, na 1992 vyama vingi vikarudi kwa sheria. Mzee hakulielewa jambo hilo hadi anaingia kaburini: wengi wamesema, na wachache ndio wamesikilizwa! Mimi nimelielewa baadaye. Mwalimu Nyerere alikuwa ameanza kusema hadharani tangu 1990 kwamba kujadili vyama vingi si uhaini, na nadhani alikwisha kuona kuwa chama kisichoshindana na mtu huota kitambi. Alikuwa anawatafutia wenzake wa kuwakimbiza.

Mwaka wa kukimbizwa, kwa huku kwetu, ulikuwa 2010. Wakati huo nilikuwa na mgahawa Tunduma, nyuma kidogo ya maegesho ya malori. Nilikuwa napanda daladala Vwawa alfajiri, na jiko langu linawaka kabla ya saa moja. Asiyeijua Tunduma aelewe kwamba mji ule ni mlango: barabara ya TANZAM inapita, reli ya TAZARA inapita, na ng'ambo ni Nakonde ya Zambia, umbali wa kutupa jiwe. Sensa ya 2012 iliuhesabia watu karibu laki moja. Ya 2022 ikakuta wamepita laki mbili. Hawakuzaliwa pale wote hao. Wateja wangu walikuwa madereva na matingo wa magari ya Kongo, wabadilisha fedha waliokaa na mabunda ya kwacha mapajani, makuli, vijana wa mawakala wa forodha, wa bodaboda, na akina mama waliovusha mchele wakarudi na vitenge. Mmoja Mnyiha wa Igamba, wa pili katoka Sumbawanga, wa tatu Njombe, wa nne hata hataki kusema. Wamepanga chumba, mwezi huu mtaa huu, mwezi ujao kwingine. Ukimuuliza balozi wake ni nani, anacheka mpaka anapaliwa.

Kampeni zilipopamba moto, gari la chama lilikuja na kofia, fulana na kanga. Muziki ulikuwa mkubwa na mchele wangu uliisha mapema, sina malalamiko. Kesho yake, kuli mmoja aliyekuwa akila kwangu kwa mkopo hadi Jumamosi aliingia na fulana mpya ya kijani, tayari imekwisha kulowa jasho mgongoni na kujaa vumbi la saruji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Naona leo umependeza, umekuwa kada."

Akajitazama kifuani kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Hii ya mzigo, mama. Inanyonya jasho vizuri. Ile habari nyingine tutaongea mimi na sanduku."

Sanduku lilipofunguliwa, jimbo la Mbozi Magharibi, ambalo wakati huo liliikumbatia Tunduma, likaenda kwa Silinde wa CHADEMA. Kitaifa Kikwete wa CCM alishinda kwa asilimia kama 63, baada ya kushinda kwa 80 mwaka 2005. Wazee wa chama waliliita jambo lile usaliti wa vijana. Nilikuwa najiuliza: huyu kuli amemsaliti nani? Hakuna aliyewahi kumwandika katika daftari. Sukari anainunua mwenyewe. Akiumwa anajipeleka. Chama kilimletea zawadi ya mgeni, naye akaipokea kama mgeni anavyopokea.

Tusimalize habari ya 2010 bila kusema haki. Mwaka ule CCM ilifanya jambo la maana: iliruhusu wanachama wote, badala ya wajumbe wachache, kupiga kura za maoni za ubunge. Hapa Hasamba watu walijipanga foleni na kadi zao, zingine zimeliwa na mende. Vikongwe waliletwa kwa baiskeli. Kulikuwa na hila, kulikuwa na kadi zilizoandikwa usiku, hayo yalisemwa na wenyewe wana-CCM magazetini. Hata hivyo mgombea alilazimika kuja mpaka kwenye foleni na kumtazama mtu usoni. Halafu 2011 CCM ikaja na kampeni yake ya kujisafisha, "kujivua gamba", na CHADEMA, kwa utundu wao, wakajibu kwa "vua gamba, vaa gwanda". Kwa miezi kadhaa kila fundi cherehani wa Tunduma alikuwa anashona magwanda ya kaki. Hayo nayo yalikuwa mazungumzo, ya kurushiana maneno lakini ya watu wanaosikilizana: kila chama kilikuwa kinamtegea mwenzake sikio.

Na 2015 ndipo nilipoona chama kikongwe kikijitahidi kwelikweli. Neno "mabadiliko" lilikuwa mali ya upinzani. CCM ikalichukua, ikamweka mbele Magufuli, mtu wa barabara asiye na kundi kubwa chamani, akazunguka nchi kwa gari, anapiga "push-up" jukwaani na kusema Hapa Kazi Tu. Upande wa pili CHADEMA na wenzao wa UKAWA wakampokea Edward Lowassa, ambaye jina lake Dk. Slaa wa CHADEMA hiyohiyo alikuwa amelisoma viwanja vya Mwembeyanga mwaka 2007 katika orodha ya mafisadi. Slaa akaondoka. Mteja wangu mmoja, dereva mtu mzima, alisema kwa uchungu kwamba sasa kila chama kimevaa nguo za mwenzake. Alikuwa sahihi, na mimi sioni ubaya wote katika hilo. Vyama viwili vilikuwa vinamwogopa mpigakura mmoja, kila kimoja kikitafuta nguo itakayompendeza. Magufuli alipata asilimia 58, Lowassa karibu 40, na kwetu ikawa tatu kwa tatu.

Nimefikiri sana kwa nini Vwawa ilibaki CCM wakati majirani wanaondoka. Kwa muda nilikuwa na jibu jepesi: huku watu bado walikuwa wanalala nyumbani. Tuna kahawa, tuna makaburi ya babu zetu nyuma ya nyumba, tuna kanisa la Moraviani ambako mwenyekiti wa tawi na mwenyekiti wa upinzani wanaimba kwaya moja. Chama kilikuwa bado kinajua mlango. Lakini jibu hilo linayumba ukifika jimbo la Mbozi, ambalo nalo ni la wakulima wa kahawa na mahindi, na bado lilikwenda. Labda ni Mlowo, mji wa barabarani wenye magodauni ya mahindi na vijana wake wa kupakia. Labda ni bei tu. Mkulima aliyepigwa bei misimu mitatu mfululizo hana haja ya kuhubiriwa na mtu.

Kuhusu bei nina la kusema. Mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa yote ipitie vyama vya ushirika na mnadani, wanunuzi binafsi wasiende tena shambani. Sababu zilizotolewa zilieleweka: kulikuwa na watu wanaonunua kahawa ikiwa bado maua, mkulima anakopeshwa laki moja Januari na kulipa kwa magunia Julai. Nani angependa wizi huo ubaki? Tatizo likawa kungoja. Shemeji yangu alipeleka kahawa yake, iliyokaushwa vizuri juu ya vichanja, nyeupe kama meno ya mtoto, akapewa risiti. Mtoto wake alikuwa anaanza kidato cha kwanza. Fedha zikaja wakati mtoto amekwisha kuanza kwa madeni, na zikaja pungufu ya alivyotarajia. Hakuandamana. Alisema tu kwamba yule mnyonyaji wa zamani alikuwa anakuja na fedha mfukoni. Maneno ya namna hiyo, katika nchi yenye ushindani, humfikia mbunge upesi sana, kwa sababu mpinzani wake ndiye anayeyabeba.

Lakini mbebaji hakuwepo tena. Tangu 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilikuwa imepigwa marufuku, na marufuku hiyo haikuondolewa mpaka Januari 2023. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa kasoro za fomu, vyama vyao vikajitoa, na CCM ikachukua viti karibu vyote nchini. Watu waliopita bila kupingwa hawakuwa na haja ya kupita nyumba kwa nyumba. Ndani ya chama chenyewe kura za maoni za 2020 zilikuwa zimerudi kwa wajumbe, na nchi nzima ikacheka na msemo wa walioangushwa: "wajumbe si watu wazuri". Msemo ulichekesha, ila tuutazame. Mgombea alikuwa amejifunza namna ya kuwapata mamia ya wajumbe ukumbini, na makumi ya maelfu ya wapigakura hawakuwa tena shida yake. Oktoba ile Magufuli akatangazwa mshindi kwa asilimia 84.

Makada niliowapikia walisherehekea, nami niliwauzia soda. Mmoja wao, mtu mwenye akili anayejua siasa za wilaya hii kuliko mimi, alisema sasa Tunduma imerudi nyumbani. Nilimuuliza: hawa vijana wamehamia nyumba gani? Hakunijibu. Chama kilikuwa kimeanza kuandikisha wanachama kwa mfumo wa kielektroniki, na kadi za plastiki zilipendeza kweli. Daftari la baba limeingia kwenye simu. Lakini mzee alikuwa anaandika baada ya kukaa kwenye kigoda cha mtu na kunywa uji wake. Simu inaandika namba na jina, inasonga mbele.

Huku mpakani tuna bahati moja ambayo watu wa Dodoma hawana: tunaweza kuwatazama wenzetu wakibadilisha serikali huku tunakula chakula cha mchana. Mwaka 1991 nilikuwa binti, na redio za Zambia zilisikika kwetu vizuri kuliko ya Dar es Salaam. Kaunda, rafiki wa Mwalimu, mwenye reli moja nasi, alishindwa na Chiluba na akaondoka Ikulu kwa amani. UNIP ilikuwa ndugu wa damu wa TANU: ilileta uhuru, ilikuwa na kadi, ilikuwa na wazee wa mitaa kama baba yangu. Leo ukiitaja UNIP kule Nakonde, vijana wanakuuliza ni kampuni gani. Wala aliyeishinda hakudumu. MMD ya Chiluba iliangushwa na PF ya Sata mwaka 2011, na PF ikaangushwa Agosti 2021 na Hichilema, aliyekuwa anagombea mara ya sita.

Siku zile za Agosti 2021 madereva wa Zambia waliokwama kwangu walikuwa wameegemeza simu kwenye chupa za maji, wanafuatilia matokeo jimbo kwa jimbo. Tingo wao mmoja, kijana wa miaka kama 20, aliniambia anajuta kuwa safarini, kwani foleni ya kwao ilianza usiku na yeye hayumo. Watanzania waliokuwa meza ya jirani walimsikiliza kama mtu anayesimulia harusi ya kitajiri. Nikakumbuka kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kujuta kukosa kupiga kura. Hilo ndilo lingenikosesha usingizi kama ningekuwa katibu wa wilaya.

Januari 2025 tulipata wiki moja ambayo ingetosha kufundishia somo la uraia. Tarehe 18 na 19 CCM ilikutana Dodoma na mkutano mkuu ukampitisha Rais Samia kuwa mgombea wake, miezi tisa kabla ya uchaguzi, ukumbi mzima ukishangilia. Siku chache baadaye CHADEMA walikesha Dar es Salaam wakihesabu kura za mwenyekiti, na alfajiri Tundu Lissu akamshinda Freeman Mbowe, aliyekiongoza chama tangu 2004, kwa kura 513 dhidi ya 482. Mimi nilikesha. Mwanangu alikesha. Hata jirani yangu, CCM wa kuzaliwa, taa yake haikuzimwa. Asubuhi aliniambia, akiwa na mswaki mdomoni, "Wametukana usiku kucha, lakini wamehesabu." Kufika Aprili Lissu alikuwa mahabusu kwa shtaka la uhaini na chama chake kimezuiwa kushiriki kwa kutosaini kanuni za maadili. Mshindi wa Oktoba 29 akatangazwa kwa karibu asilimia 98. Siku ya kura sikufungua mgahawa. Miji kadhaa iliwaka, watu walikufa, intaneti ilizimwa, Dar es Salaam ikawekwa chini ya amri ya kutotoka usiku, na wengi waliokuwa barabarani walikuwa wa umri wa kuli wangu yule wa 2010.

Ukizipanga asilimia hizo, 58, 84, 98, mtu asiyejua nchi hii angedhani chama kinazidi kupendwa. Mimi nazisoma kama vipimo vya sikio. Kiliposhinda kwa 58 kilikuwa kinasikia mpaka minong'ono ya maegesho ya malori. Kwa 98, kitasikia nini, na kwa nani? Makada wa kweli, nao wapo wengi na baadhi ni ndugu zangu, wanajua. Wananong'ona kwamba afadhali ile miaka ya kupambana, kwani walikuwa wanalala wamechoka lakini wanajua wamelala katika nchi gani.

Nimekaa katika vikao vingi maishani, vya chama, vya ushirika, vya kanisa, na ajenda zake zinafanana: kufungua, yatokanayo, taarifa, mengineyo, kufunga. Mambo ya vijana siku zote huwekwa kwenye mengineyo, saa ambayo wazee wameanza kutafuta kofia. Ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, iliyosimamishwa 2023 na kurudishwa mwaka uliofuata, nimeisikia ikiulizwa katika mengineyo tu. Ushuru wa bodaboda, mengineyo. Kijana anasimama, anazungumza dakika mbili, mwenyekiti anamshukuru kwa mchango mzuri.

Mpwa wangu wa bodaboda, ambaye ana kituo hapa njia ya kuingia Hasamba, ameanza kusema anataka kugombea uenyekiti wa kitongoji mwaka 2029. Chama bado hajachagua, anasema atatazama kitakachokuwa hai. Juzi alinikuta napanga vitu vya marehemu baba akaliomba lile daftari. Nilidhani analitaka kwa kumbukumbu. Alikaa kizingitini akalipekua ukurasa kwa ukurasa, akapita majina yote bila kusoma, akasimama kwenye yale maandishi mekundu ya pembeni.

"Shangazi, hawa wageni mzee alikuwa anawafuata mwenyewe au walikuja?"

"Alikuwa anawafuata. Jioni, akitoka shamba."

Akatoa simu akaanza kuhesabu kwa sauti vyumba vya kupanga vilivyojengwa kati ya kwetu na barabara kuu tangu mkoa uje. Alipofika kwenye nyumba ya tatu alikwama, hakuwa anamjua mpangaji hata mmoja, akawasha pikipiki.